Ngozi yako, ubongo wa maabara: Maswali ya familia kabla ya kutia saini

Kipande cha ngozi kinachohitajika hakizidi ukubwa wa punje ya mtama. Mkono unatiwa ganzi, kifaa chenye ncha ya mviringo kinabonyezwa, kidonda kinafungwa plasta na mhusika anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa wengine hata ngozi haihitajiki. Damu kidogo inatosha.

Kinachofuata ndicho ambacho familia nyingi hazikukitegemea. Seli zilizomo kwenye kipande hicho zinaweza kurudishwa nyuma hadi zikawa changa kama za mimba ya siku chache, kisha zikaelekezwa kuwa seli za ubongo. Zikiachwa zikue pamoja kwa miezi kadhaa, hujipanga zenyewe kuwa kidonge cha tishu kinachofanana, kwa sehemu, na ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Kidonge hicho kina vinasaba vya mtu aliyetoa ngozi. Kinaweza kugandishwa na kutunzwa kwa miaka, kupelekwa maabara ya nchi nyingine, kupandikizwa kwenye ubongo wa panya au kuingia katika biashara ya dawa. Je, mtu aliyetia saini fomu ya ridhaa aliambiwa yote hayo? Na kama hakuambiwa, je, alikubali kweli?

Maswali haya si ya wanasayansi peke yao. Wanaoombwa kuchangia tishu za aina hii mara nyingi ni wazazi wenye mtoto mwenye kifafa, usonji, kichwa kidogo kupita kawaida au ugonjwa wa kurithi usio na jina mtaani. Ni watu waliokwisha choka kuzunguka hospitali, na mtu akija na karatasi yenye neno 'ubongo' na neno 'matumaini', kalamu inatembea haraka.

Seli kurudishwa utotoni

Seli shina ni seli ambazo bado hazijachagua kazi. Seli ya ini ni ya ini na seli ya ngozi ni ya ngozi, lakini seli shina ya mimba changa inaweza kuwa yoyote kati ya hizo. Kwa miaka mingi namna kuu ya kupata seli za uwezo huo ilikuwa kutoka kwenye mimba ya siku chache, jambo lililozua ubishi mkubwa wa dini na siasa.

Mwaka 2006, mtafiti wa Kijapani Shinya Yamanaka na timu yake katika Chuo Kikuu cha Kyoto walionyesha kwamba seli ya kawaida ya panya aliyekwisha komaa inaweza kurudishwa kuwa seli shina kwa kuingiziwa jeni nne tu. Mwaka uliofuata wakafanya hivyo kwa seli za binadamu. Mwaka 2012 Yamanaka alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza John Gurdon.

Wengi walidhani ugomvi wa maadili umekwisha, kwa kuwa mimba haikuguswa tena. Ukweli ni kwamba ugomvi ulihama. Badala ya kuuliza kuhusu mimba, sasa ikabidi kuuliza kuhusu mtu mzima aliye hai, mwenye jina, ndugu na watoto, ambaye seli zake zinaweza kugeuzwa kuwa kitu ambacho hakuwahi kukifikiria.

Hatua ya pili ilikuja mwaka 2013. Huko Vienna, Austria, Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich walitangaza kwamba wameotesha vidonge vya tishu za ubongo kutokana na seli shina. Kitaalamu huitwa oganoidi za ubongo. Kidonge kimoja ni kama punje ya choroko, hakina mishipa ya damu na hakiwezi kukua kupita kiasi, lakini ndani yake kuna tabaka za seli zilizojipanga kama zinavyojipanga kichwani mwa mtoto wa miezi ya mwanzo tumboni.

Faida si ndogo

Haki itendeke kwa kueleza kwanza kwa nini utafiti huu unafanyika. Daktari anaweza kukata kipande cha ini la mgonjwa akakichunguza. Hawezi kufanya hivyo kirahisi kwa ubongo wa mtu aliye hai, na ubongo wa panya una tofauti nyingi na wa binadamu. Ndiyo maana magonjwa ya ubongo yamebaki nyuma kwa tiba.

Katika kazi ile ya Vienna, watafiti walitumia pia seli za ngozi za mgonjwa aliyezaliwa na kichwa kidogo kupita kawaida. Vidonge vilivyotokana na seli zake vilibaki vidogo kuliko vingine, na uchunguzi ukaonyesha kwamba seli za ubongo zilikuwa zinakomaa mapema mno kabla ya kuongezeka kwa idadi ya kutosha. Mgonjwa mmoja, kwa kipande cha ngozi, alifungua mlango uliokuwa umefungwa.

Mfano mwingine una asili yake hapa Afrika Mashariki. Virusi vya Zika vilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1947 katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe nchini Uganda. Kwa miongo mingi havikutisha watu. Vilipoenea Brazil mwaka 2015 na watoto wakaanza kuzaliwa na vichwa vidogo, dunia ilitaka jibu la haraka. Mwaka 2016 watafiti wa Brazil na Marekani waliviingiza virusi hivyo kwenye oganoidi za ubongo na kuonyesha jinsi vinavyoua seli changa zinazojenga ubongo. Hakuna mama mjamzito aliyehitaji kuguswa ili ushahidi huo upatikane.

Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, timu ya Sergiu Pașca imekuwa ikichunguza ugonjwa adimu uitwao Timothy, unaotokana na hitilafu katika jeni moja na kuathiri moyo huku ukiambatana na usonji na kifafa. Watu wenye ugonjwa huo ni wachache mno duniani. Bila familia zao kukubali kutoa seli, hakuna ambacho kingefahamika. Mwaka 2024 timu hiyo ilieleza namna ya kurekebisha kasoro hiyo kwenye seli zilizotokana na wagonjwa, ingawa wakati huo ilikuwa haijafikia hatua ya kumtibu mgonjwa.

Kwa hiyo anayechangia hafanyi jambo dogo. Ni kwa sababu hiyo hiyo anastahili kuambiwa ukweli wote.

Panya, mchezo wa kompyuta na mawimbi ya umeme

Mwaka 2022 timu ya Stanford ilitangaza kwamba imepandikiza oganoidi za ubongo wa binadamu kwenye ubongo wa vitoto vya panya. Seli hizo zilikua hadi kufikia takriban theluthi ya upande mmoja wa ubongo wa panya. Panya alipoguswa masharubu, baadhi ya seli za binadamu ziliitika. Na watafiti walipozichochea seli hizo kwa mwanga, waliweza kumfundisha panya kutafuta maji.

Mwaka huo huo kampuni ya Cortical Labs ya Melbourne, Australia, ilieleza jinsi seli za ubongo wapatazo 800,000, nyingine za binadamu na nyingine za panya, zilizokuzwa juu ya kifaa cha kielektroniki, zilivyojifunza kucheza Pong, mchezo wa zamani wa kompyuta wa kuurudisha mpira kwa kibao. Mwaka 2025 kampuni hiyo ilianza kutangaza kifaa cha kuuzwa chenye seli hai za binadamu ndani yake.

Kabla ya hapo, mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliripoti kwamba oganoidi zilizokuzwa kwa miezi kadhaa zilitoa mawimbi ya umeme yenye kufanana kwa kiasi fulani na ya ubongo wa watoto njiti.

Msomaji asitishike kupita kiasi. Mwaka 2021 Akademi za Taifa za Marekani zilitoa ripoti iliyosema kwamba hakuna ushahidi kuwa oganoidi zilizopo zina fahamu au zinahisi maumivu. Chama cha kimataifa cha watafiti wa seli shina kilitoa mwongozo wake mwaka huo huo na kusema vivyo hivyo. Kidonge cha ukubwa wa choroko kisicho na macho, masikio wala mwili si mtoto, na si nakala ya mtu aliyetoa ngozi. Hakibebi kumbukumbu zake wala tabia zake.

Lakini kusema kwamba kitu hakina fahamu si sawa na kusema kwamba mchangiaji hana haki ya kujali. Yupo mtu ambaye hatajali hata kidogo seli zake zikiwa ndani ya panya au zikicheza mchezo. Yupo mwingine ambaye, kwa imani yake au kwa moyo wake tu, hawezi kulikubali jambo hilo. Ubongo si kama ini katika mawazo ya watu. Ni mahali ambapo wengi wanaamini utu wao unakaa. Kumwambia mchangiaji "seli zako zitatumika kwa utafiti" bila kutaja ubongo, mnyama na biashara ni kumficha lile ambalo huenda lingebadilisha jibu lake.

Wagonjwa na wazazi waliohojiwa huko Uholanzi na Marekani kuhusu oganoidi wameonyesha sura hizo mbili. Wengi wanaunga mkono utafiti na wanafurahi kusaidia, lakini wanataka kujua seli zao zimefikia wapi, nani anafaidika na kama kuna mpaka ambao hautavukwa.

Majeraha ya zamani

Wasiwasi wa wachangiaji haukuzuka hewani. Mwaka 1951, Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi mwenye watoto watano, alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Kipande cha uvimbe wake kilichukuliwa bila yeye kuulizwa. Alifariki Oktoba mwaka huo akiwa na miaka 31, lakini seli zake, zilizopewa jina la HeLa, ziliendelea kuzaliana maabara na zinazaliana hadi leo. Zilisaidia katika chanjo ya polio na kazi nyingine zisizohesabika, na kampuni zikapata fedha.

Familia yake haikujua kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2013 watafiti walichapisha ramani ya vinasaba vya seli hizo, yaani siri za mwili wa Henrietta na kwa sehemu za watoto na wajukuu wake, tena bila kuwauliza. Baada ya malalamiko, taasisi ya taifa ya afya ya Marekani ilikubaliana na familia kwamba anayetaka taarifa hizo aombe ruhusa, na wanafamilia wawili wawemo kwenye kamati inayopitia maombi. Agosti 2023 familia ilimaliza kwa maelewano kesi yake dhidi ya kampuni ya Thermo Fisher Scientific. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 70.

Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya jimbo la California iliamua kesi ya John Moore, mgonjwa wa saratani ya damu ambaye bandama lake liliondolewa na seli zake zikasajiliwa hataza bila yeye kujua. Mahakama ilikataa hoja kwamba seli zilizokwisha toka mwilini zilikuwa bado mali yake. Lakini ilisema daktari alipaswa kumweleza kwamba ana maslahi yake katika seli hizo. Uamuzi huo unaonyesha jambo moja kwa kila familia: baada ya kutia saini, sheria inaweza isikuone tena kuwa mwenye mali. Nguvu yako kubwa iko kabla ya saini.

Huko Arizona, watu wa kabila la Havasupai walitoa damu kuanzia mwaka 1990 wakiamini inachunguzwa kwa ajili ya kisukari, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza. Baadaye waligundua kwamba damu hiyo ilitumika pia kuchunguza ugonjwa wa akili wa skizofrenia, watu kuoana ndani ya ukoo, na asili ya kabila lao, mambo yaliyowadhalilisha na kupingana na simulizi zao za asili. Mwaka 2010 chuo kikuu kilichohusika kililipa dola 700,000 na kuwarudishia damu iliyobaki.

England nako kulikuwa na kilio chake. Mjane mmoja aligundua mwaka 2000 kwamba ubongo wa mumewe, aliyefariki mwaka 1987, ulichukuliwa wakati wa uchunguzi wa maiti na kuhifadhiwa kwa utafiti bila yeye kuambiwa. Uchunguzi wa serikali uliochapishwa mwaka 2003 ulibaini kuwa maelfu kwa maelfu ya bongo zilikuwa zimechukuliwa kwa njia hiyo kwa miaka mingi. Kashfa hiyo, pamoja na ile ya viungo vya watoto vilivyohifadhiwa bila wazazi kujua, ilizaa sheria ya tishu za binadamu ya mwaka 2004, ambayo imeweka ridhaa kuwa msingi wa kila kitu.

Mumiani na kitovu

Katika pwani na bara la Afrika Mashariki, wazee wanakumbuka hofu ya mumiani: watu waliosemwa kunyonya damu za wenzao usiku ili itengenezwe dawa. Wakati wa ukoloni hofu hiyo iliwaandama wafanyakazi wa afya, wazima moto na hata watafiti wa malaria. Ni rahisi kuicheka. Lakini ndani ya uvumi ule kulikuwa na swali ambalo hakuna aliyelijibu: damu yetu inakwenda wapi, na nani anapata nini kutokana nayo?

Tena kwa makabila mengi kilichotoka mwilini hakitupwi ovyo. Kondo la nyuma linazikwa, kitovu cha mtoto kinazikwa, nywele za kwanza zinahifadhiwa. Mtu akisema "kitovu changu kimezikwa pale", anaeleza nyumbani kwake ni wapi. Kwa watu wenye mila hiyo, kumwambia mama kwamba ngozi ya mwanawe itatunzwa kwenye jokofu ng'ambo bila mwisho si habari ndogo, na haifai kupitishwa kwa mstari mmoja wa fomu.

Utafiti wa ubongo unaotumia sampuli za watu wa ukanda huu upo tayari. Katika mradi mkubwa wa NeuroGAP, watu wa Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini walitoa mate ili vinasaba vya skizofrenia na ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka vichunguzwe. Mradi mwingine, NeuroDev, umewahusisha watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo huko Kilifi na Cape Town. Sababu yake ina nguvu: taarifa nyingi za vinasaba duniani ni za watu wenye asili ya Ulaya, na dawa zitakazotengenezwa kwa taarifa hizo zinaweza zisimfae Mwafrika. Kukaa nje ya utafiti nako kuna hasara.

Kilifi, ambako kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kimefanya kazi tangu mwaka 1989, kumekuwa na somo muhimu. Watafiti waligundua kwamba wazazi wengi hawakutofautisha matibabu ya kawaida na utafiti. Walidhani damu inayotolewa ni ya kumpima mtoto ili atibiwe. Ndipo ukajengwa mtandao wa wawakilishi wa jamii, watu wa vijijini wanaochaguliwa na wenzao, ambao huulizwa maoni kuhusu tafiti na kurudisha hofu na maswali ya wananchi kwa wanasayansi.

Huko kusini, Wasani walichoka kuchunguzwa bila heshima, na mwaka 2017 wakatoa kanuni zao wenyewe kwa watafiti. Wanadai heshima, ukweli, haki na kujaliwa. Hawakukataa utafiti. Walisema tu mgeni apite mlangoni.

Ridhaa ya namna gani?

Fomu ya ridhaa haina sura moja. Ipo ridhaa mahususi, inayoruhusu utafiti mmoja tu uliotajwa. Ipo ridhaa pana, inayoruhusu sampuli itumike kwa tafiti za baadaye zitakazopitishwa na kamati ya maadili. Na ipo ridhaa endelevu, ambapo mchangiaji anaendelea kupewa taarifa, kwa simu au ujumbe, na kuulizwa upya jambo jipya likitokea.

Ridhaa mahususi inamlinda mchangiaji lakini inaweza kukwamisha sayansi, kwa maana kila swali jipya linahitaji kumtafuta mtu upya. Ridhaa pana ni rahisi kwa watafiti, lakini kwa oganoidi za ubongo ina tatizo la wazi. Mtu aliyetia saini mwaka 2005 hakuwa na namna ya kujua kwamba ngozi yake ingeweza kuwa tishu ya ubongo; hata mtafiti mwenyewe hakujua. Je, saini ile inafika hadi huku?

Njia ya kati inayopendekezwa na wataalamu wengi wa maadili ni ridhaa pana yenye mipaka: mchangiaji anaruhusu tafiti nyingi, lakini anapewa nafasi ya kuweka alama ya ndiyo au hapana kwa mambo mazito yaliyotajwa waziwazi, kama kupandikiza kwenye wanyama, kutengeneza mbegu za uzazi, kuotesha tishu za ubongo na kutumiwa na kampuni.

Kujiondoa nako kunahitaji maelezo ya kweli. Karibu kila fomu inasema unaweza kujitoa wakati wowote. Lakini seli zikishazalishwa na kusambazwa maabara kumi, hakuna awezaye kuzikusanya zote. Kinachowezekana ni kuharibu sampuli iliyobaki na kuzuia matumizi mapya. Mtafiti mwaminifu husema hivyo tangu mwanzo.

Vivyo hivyo kwa siri. Jina huondolewa na kuwekwa namba, lakini vinasaba vyenyewe ni alama ya mtu. Na si yake peke yake, kwa kuwa anavishiriki na wazazi, ndugu na watoto. Mtu mmoja anapotia saini, ukoo mzima umeguswa, hata kama sheria inatambua saini moja tu. Ni busara kuzungumza nyumbani kabla, hasa pale ugonjwa unapokuwa wa kurithi na kuna binti au kijana anayekaribia kuoa au kuolewa.

Mtoto akikua je?

Hapa ndipo pagumu zaidi. Mtoto wa miaka minne hawezi kuridhia. Mzazi anaridhia kwa niaba yake, na kwa mtoto mkubwa kidogo maadili yanataka aelezwe kwa lugha yake na akubali. Lakini seli hazisubiri. Atakapofikisha miaka 18 huenda zimekwisha kuwa sehemu ya tafiti nyingi.

Mzazi anaweza kuuliza kama mwanawe atatafutwa akifikia umri wa utu uzima ili aulizwe mwenyewe. Anaweza pia kuuliza itakuwaje mtoto akifariki. Kwa wazazi wengine, kujua kwamba seli za mtoto wao bado zinasaidia wengine ni faraja. Kwa wengine ni jeraha lisilofunga. Mtafiti hawezi kukisia, lazima aulize.

Pia mzazi aelewe kwamba utafiti huu, kwa sasa, hautamponya mwanawe. Oganoidi ni chombo cha kuuelewa ugonjwa. Kliniki za kibiashara katika nchi mbalimbali zimekuwa zikiuza 'tiba ya seli shina' kwa usonji na mtindio wa ubongo kwa fedha nyingi bila ushahidi wa kutosha. Tofauti iliyo rahisi kukumbuka ni hii: utafiti halali haukutozi fedha ili ushiriki. Mara nyingi hurudisha nauli na muda wako, na usipokubali, matibabu ya mwanao hayabadiliki.

Uulize nini?

Tanzania, utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili, na kwa ngazi ya taifa kinatolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Sampuli kupelekwa nje kunahitaji makubaliano ya maandishi. Kenya, kibali cha kamati ya maadili huambatana na leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya mwaka 2019 zinaziweka taarifa za vinasaba katika kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo kuuliza si ukaidi. Ni haki.

Kabla ya kutia saini, familia inaweza kuuliza haya:

- Huu ni utafiti au ni matibabu? Kibali cha maadili kiko wapi, na namba ya simu ya kamati ni ipi?
- Je, seli zitageuzwa kuwa seli shina? Zitaoteshwa kuwa tishu za ubongo?
- Zitapandikizwa kwenye wanyama? Naweza kukataa hilo na kukubali mengine?
- Zitatunzwa wapi, kwa muda gani, na zitatoka nje ya nchi?
- Kampuni inaweza kuzitumia au kuziuza? Ikipatikana faida, jamii yetu inapata nini?
- Mkigundua jambo linalohusu afya yangu au ya watoto wangu, mtaniambia? Na kama sitaki kujua?
- Nikijitoa, ni kitu gani hasa kitasimamishwa, na kipi hakiwezi kurudishwa?
- Nani atatuletea majibu ya utafiti, na kwa lugha gani?

Mtafiti mzuri hatakerwa na maswali hayo. Kama jibu ni "weka saini tu, mambo mengine tutaelezana baadaye", hiyo nayo ni taarifa ya kutosha. Omba kuondoka na fomu, isomwe nyumbani na mtu mnayemwamini, ikiwezekana aliyesoma mambo ya afya, kisha mrudi siku nyingine. Ngozi ya siku ile ile na ngozi ya wiki ijayo ni sawa kwa maabara. Kwa familia, wiki hiyo moja ndiyo nafasi ya kukaa pamoja, kuulizana na kukubali au kukataa kwa sauti moja.